Tabianchi ya kale kuanzia Nakuru hadi Nam Lolwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya walimu, wanafunzi, waongoza watalii na mtu yeyote anayeishi kati ya Bonde la Ufa na fuo za Ziwa Victoria (Nam Lolwe kwa Kijaluo) akajiuliza nchi hii ilikuwaje zamani. Jambo moja litarudi mara nyingi: kila kisababishi cha mabadiliko ya tabianchi kina mwendo wake, na kila kimoja huacha alama yake. Ukitaka kujua kama badiliko fulani ni la asili, anza kwa kuuliza hayo mawili.

Hali ya hewa na tabianchi vina tofauti gani?

Mvua iliyonyesha Kondele alasiri ya leo ni hali ya hewa. Wastani wa mvua ya Kondele kwa miaka 30, pamoja na jinsi inavyopanda na kushuka mwaka hadi mwaka, ndio tabianchi. Mwaka mmoja wa ukame hauthibitishi chochote.

Ni kweli Ziwa Victoria liliwahi kukauka?

Ni kweli. Mwishoni mwa enzi ya barafu iliyopita lilikauka kabisa au karibu kabisa, hata pale penye kina kikubwa zaidi ambapo leo pana mita 80 hivi. Lilianza kujaa tena takriban miaka 14,700 iliyopita.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1996 ndio uliowashawishi wengi. Kwanza walitumia sauti. Chombo kikiwa juu ya maji hutuma mlio kuelekea chini. Mlio hupenya tope laini na kurudisha mwangwi unapogonga tabaka gumu. Mwangwi huo ulionyesha tabaka moja gumu lililotandaa chini ya tope la ziwa, hadi katikati kabisa. Kisha wakatoa tope lenyewe kwa mabomba. Chini ya mita kadhaa za tope laini walikuta udongo mkavu, ulioshikamana, wenye vimizizi vilivyosimama wima, na juu yake mabaki ya mimea ya kinamasi. Mizizi haioti gizani chini ya mita 80 za maji. Pale paliota nyasi, halafu pakawa kinamasi, halafu ziwa.

Jambo hili liliwatatiza wataalamu wa samaki. Ziwa lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za fulu, na nyingi hazipatikani kwingine. Kama ziwa lilikauka, spishi hizo zilitoka wapi kwa muda mfupi hivyo? Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba babu zao walitoka mito tofauti wakachanganyika, na mchanganyiko huo ukawapa vizazi vyao namna nyingi za kujigawa. Wakati wa kijiolojia una maajabu yake: miaka 15,000 ni michache mno kwa mlima, lakini ilitosha kwa samaki.

Ziwa kubwa hivyo linakaukaje?

Ni kubwa kwa upana, si kwa kina. Lina kilomita za mraba 68,800, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu. Karibu asilimia 80 ya maji yake huja kama mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na mito mingine yote huleta sehemu ndogo iliyobaki. Jua nalo huvukiza takriban mita moja na nusu ya maji kila mwaka.

Piga hesabu rahisi. Mvua ikipungua kiasi kwamba kila mwaka panakosekana sentimita 40, mita 80 zitakwisha kwa miaka 200. Kwa kweli ingechukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ziwa likipungua eneo linalovukiza hupungua pia, lakini hata ukizidisha mara tano bado ni muda mfupi. Ndiyo maana ziwa hili ni kipimo kizuri cha mvua na ni hazina ya kutegemea kwa wasiwasi.

Mvua ilipungua kwa sababu bahari zilikuwa baridi zaidi. Kati ya miaka 18,000 na 15,000 iliyopita, vipande vikubwa vya barafu vilimiminika katika Atlantiki ya Kaskazini, maji baridi yasiyo na chumvi yakadhoofisha mikondo inayosambaza joto baharini, na mvua za ukanda wa tropiki zikavurugika. Barafu iliyeyuka karibu na Kanada, na nyasi zikaota katikati ya Nam Lolwe.

Na Ziwa Nakuru, je?

Hilo liliwahi kufurika, lakini baadaye. Miaka kati ya 10,000 na 8,000 hivi iliyopita, Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lililosimama takriban mita 180 juu ya kiwango cha katikati ya karne ya 20. Uso wa Ziwa Nakuru uko karibu mita 1,760 juu ya bahari na mji uko karibu mita 1,850. Jumlisha: sehemu kubwa ya katikati ya mji wa leo ingekuwa chini ya maji, na huenda Kilima cha Hyrax kilikuwa rasi au kisiwa kutegemea kiwango cha maji.

Alama zake zinaonekana kwa macho. Kwenye miteremko kati ya Nakuru na Elmenteita kuna vidaraja vya mlalo, na ndani yake kokoto zilizoviringwa na mawimbi. Changarawe ya ufuo imepatikana chini ya tabaka za watu wa kale katika pango la Gamble, mahali ambapo leo huoni maji ila kwa mbali. Naivasha nayo ilijaa hadi ikamwagika upande wa kusini, na maji hayo ndiyo yaliyochonga korongo la Njorowa ambalo watalii hulipitia Hell's Gate.

Tahadhari kwa wanaotembelea: si kila kidaraja ni ufuo. Bonde la Ufa limejaa ngazi zilizotokana na kuvunjika kwa miamba. Ufuo wa kale huenda kwa mlalo sawasawa ukizunguka kilima, na una kokoto za mviringo au magamba ya konokono wa majini. Ngazi ya ufa hunyooka kuelekea kaskazini na kusini, na mawe yake yana kingo kali.

Mvua nyingi zile zilitoka wapi?

Zilitokana na jinsi dunia inavyolizunguka jua. Mambo matatu hubadilika polepole. Njia ya dunia huwa karibu duara, kisha hurefuka kidogo, kwa mizunguko ya miaka 100,000 na 400,000 hivi. Mwinamo wa mhimili hupanda na kushuka kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kila miaka 41,000. Leo ni 23.4. Na mhimili wenyewe huyumba kama pia ya kuchezea inayokaribia kulala, jambo linalohamisha msimu ambao dunia huwa karibu zaidi na jua, kwa mzunguko wa miaka 19,000 hadi 23,000.

Kwetu huo wa mwisho ndio wenye nguvu. Siku hizi dunia hukaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kwa kilomita milioni 147, na kuwa mbali zaidi Julai, kwa milioni 152. Miaka 10,000 iliyopita ilikuwa kinyume: kiangazi cha kizio cha kaskazini kilipata mwanga zaidi kwa takriban asilimia 7 au 8. Bara likapata joto, hewa ikapanda, na pepo zenye unyevu zikavutwa mbali zaidi ndani ya Afrika. Sahara ikaota nyasi na kuwa na viboko. Turkana likajaa hadi kumwagikia bonde la Nile. Kipindi hicho kilianza miaka 15,000 hivi iliyopita na kuisha polepole kufikia miaka 5,000 iliyopita.

Angalia mwendo: maelfu ya miaka. Hakuna mtu aliyeshuhudia badiliko zima katika uhai wake.

Je, enzi za barafu zilifika Kenya?

Zilifika, lakini milimani. Miaka 21,000 hivi iliyopita dunia kwa wastani ilikuwa baridi kuliko kabla ya viwanda kwa nyuzi 5 hadi 7, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mlima Elgon, ambao leo hauna barafu, ulikuwa na kofia ya barafu kileleni. Ukipanda juu utaona mabonde yenye umbo la herufi U, mabakuli yaliyochongwa mwambani na matuta ya mawe yaliyochanganyika ovyo, makubwa kwa madogo. Maji hupanga mawe kwa ukubwa. Barafu huyamwaga yote pamoja kama tingatinga.

Huku chini barafu haikufika, lakini mimea iliteremka. Chavua kutoka kinamasi cha Kaisungor kwenye vilima vya Cherangani, na kutoka maziwa madogo ya Mlima Kenya, inaonyesha kwamba mimea ya nyika baridi ya juu ilishuka karibu mita 1,000. Sehemu ya kushuka huko haikutokana na baridi. Hewa ukaa ilikuwa kidogo, sehemu 180 hivi kwa kila milioni, na miti huumia kuliko nyasi hewa hiyo ikipungua. Waliosoma chavua zamani wakahesabu kila kitu kuwa baridi walipata joto lililo chini kupita kiasi.

Jua lenyewe halibadiliki?

Hubadilika kidogo. Kuna mzunguko wa miaka 11 wa madoa ya jua, na nguvu ya mwanga hutofautiana kwa takriban sehemu moja kwa elfu. Kati ya 1645 na 1715 madoa yalikuwa machache sana, na Ulaya ilikuwa katika kipindi cha baridi, ingawa volkano nazo zilichangia. Tangu miaka ya 1980 satelaiti hazijaona jua likiongeza nguvu, ilhali joto limeendelea kupanda.

Menengai ikilipuka, tabianchi itabadilika?

Inategemea salfa, si moshi unaouona. Majivu huanguka kwa siku au wiki. Kinachopoza dunia ni gesi ya salfa inayofika juu sana, katika stratosfia, zaidi ya kilomita 17 kwa nchi za tropiki. Huko hakuna mvua ya kuiosha, kwa hiyo hugeuka matone madogo yanayorudisha mwanga wa jua angani kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Pinatubo nchini Ufilipino ilipolipuka Juni 1991 ilirusha tani milioni 15 hadi 20 za gesi hiyo, na dunia ikapoa kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi. Tambora ya Indonesia, Aprili 1815, ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka uliofuata sehemu za Ulaya na Amerika Kaskazini zilikosa kiangazi na mazao yakafa kwa jalidi.

Mlipuko wa kwenye tropiki huathiri vizio vyote viwili kwa sababu pepo za juu husambaza matone kaskazini na kusini. Menengai iko karibu kabisa na Ikweta. Bakuli lake, kilomita 12 kwa 8 hivi, lilitokana na milipuko mikubwa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, kilele kilipodidimia baada ya chumba cha magma kumwagika. Mvuke unaofuka leo na visima vya umeme wa jotoardhi haviwezi kufanya kazi hiyo. Haufiki hata mawinguni.

Wengine huuliza kama volkano ndizo zinazoongeza hewa ukaa. Volkano zote za dunia kwa pamoja hutoa chini ya tani nusu bilioni kwa mwaka. Binadamu hutoa zaidi ya bilioni 35 kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi.

Bonde la Ufa lenyewe lilibadilisha tabianchi?

Ndiyo, kwa mamilioni ya miaka. Kuinuka kwa nyanda za juu kulizuia unyevu na kukausha upande wa nyuma wa milima. Ziwa Victoria nalo ni zao la kuinuka: yapata miaka 400,000 iliyopita ardhi ya upande wa Uganda magharibi ilipanda, mito iliyokuwa ikielekea magharibi ikageuzwa, na maji yakatuama katikati.

Tope la ziwa husomwaje, hatua kwa hatua?

Kwanza huchaguliwa mahali. Ziwa lenye kina cha chini ya mita tatu ni kitabu kibaya: upepo hukoroga tope, viboko hulikanyaga, na likikauka tope hupeperushwa na kurasa huondoka kabisa. Nakuru lilikaribia kukauka miaka ya 1990, kwa hiyo tope la juu la katikati yake lina mapengo. Naivasha, watafiti walikimbilia shimo la volkano la Crescent Island kwa sababu lina kina na limetulia.

Bomba la plastiki huteremshwa wima, na ndani yake kuna pistoni iliyofungwa kwa waya usiosogea. Bomba likisukumwa chini, pistoni hubaki pale pale na kufyonza tope lisibanike. Waya ukilegea hata kidogo tope hushindiliwa, na mita moja ya historia inaonekana kuwa sentimita 80. Kwa kawaida hutobolewa mashimo mawili jirani, la pili likianzia nusu mita chini zaidi, ili maungio ya bomba moja yaangukie katikati ya jingine. Sentimita 20 au 30 za juu ni uji mtupu; hizo huchukuliwa kwa chombo chepesi peke yake na kukatwa palepale mtumbwini, maana zikifika Naivasha mjini kwa pikipiki zimeshachanganyika.

Bomba huhifadhiwa kwenye nyuzi 4, wala halitiwi kwenye barafu kwa sababu fuwele za barafu hupasua tabaka. Maabarani hupasuliwa kwa urefu: nusu moja hupigwa picha na kuwekwa akiba, nusu ya pili hukatwa kila sentimita. Sentimita moja ya ujazo huwekwa kwenye kikombe cha kauri, hukaushwa kwa nyuzi 105 usiku kucha, hupimwa uzito, huchomwa kwa nyuzi 550 kwa saa 4, hupimwa tena, kisha nyuzi 950 kwa saa 2. Uzito uliopotea mara ya kwanza ni mabaki ya viumbe. Uliopotea mara ya pili ni hewa ukaa iliyotoka kwenye chokaa, na ukizidisha kwa 2.27 unapata uzito wa chokaa yenyewe. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba udongo wa mfinyanzi hupoteza maji yaliyomo ndani yake kwenye nyuzi 550. Tope lenye mfinyanzi mwingi huonekana kuwa na viumbe vingi kumbe sivyo.

Baada ya hapo huja hadubini. Diatomu, mwani mdogo wenye ganda la silika, husafishwa kwa hidrojeni peroksaidi na kuhesabiwa. Kuna spishi za maji yasiyo na chumvi na spishi za magadi, kwa hiyo orodha yake ni kama mita ya chumvi. Chavua huhesabiwa punje 300 au zaidi kwa kila sampuli. Chavua ina ujanja wake: msonobari na miti ya podo hutoa punje nyingi zinazosafiri mbali, ilhali miti mingi inayochavushwa na wadudu haionekani kabisa. Podo kidogo kwenye tope haimaanishi msitu ulikuwa jirani.

Umri wa tope hujulikanaje, na hukosewa wapi?

Kwa miaka 50,000 ya karibuni hutumika radiokaboni. Kiumbe kikifa, kaboni yake yenye mnururisho hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 imebaki sehemu moja kati ya mia nne hivi, kiasi ambacho uchafu mdogo tu unatosha kukiharibu. Mfano: kipande cha umri wa miaka 40,000 kikiingiwa na asilimia moja tu ya kaboni mpya, kitasomeka kuwa cha miaka 33,000 hivi. Mzizi mmoja wa nyasi uliopenya, au gundi ya mfuko, unatosha.

Bonde la Ufa lina kosa lake la kinyume. Hewa ukaa ya volkano inayobubujika kutoka ardhini ni ya kale mno, haina mnururisho wowote. Mwani na konokono wa ziwa huitumia, nao huonekana wazee tangu siku waliyozaliwa. Kaboni mfu ikiwa asilimia 10 tu, umri huzidi kwa zaidi ya miaka 800. Dawa yake ni kupima makaa ya kuni, mbegu au jani la mti wa nchi kavu lililoangukia ziwani. Ukisoma umri uliotokana na magamba ya konokono pekee kutoka ziwa la ufa, uupokee kwa mashaka.

Kwa miaka 150 ya karibuni hutumika risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, inayopungua kwa nusu kila miaka 22, pamoja na kilele cha sesiamu cha mwaka wa 1963 kilichoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kwa mambo ya kale zaidi hutumika fuwele kutoka majivu ya volkano, ambazo argoni hujilimbikiza ndani yake kutokana na potasiamu. Hapa tuna bahati: majivu ya Menengai, Longonot na jirani zake yametandaa kama mistari ya rula kwenye tope la maziwa mengi. Ukipata mstari uleule katika maziwa mawili, umepata siku moja katika vitabu viwili.

Wanajuaje palikuwa msitu au nyasi kama mimea yenyewe imeoza?

Angalia shamba la kawaida la Muhoroni au Bungoma. Muwa, mahindi, mtama na wimbi hujenga sukari kwa njia moja. Maharagwe, muhogo, sukuma wiki na karibu miti yote kwa njia nyingine. Kundi la kwanza hubeba kaboni-13, aina nzito ya kaboni, nyingi kidogo kuliko la pili. Kwenye kipimo cha maabara, nyasi za joto husoma karibu -12 na miti karibu -27. Tofauti hiyo hubaki kwenye udongo, kwenye nta ya majani iliyozama ziwani, na kwenye jino la mnyama aliyekula majani hayo. Jino la swala likisoma kama nyasi, swala huyo alikula nyasi, hata kama ni miaka milioni mbili iliyopita. Kwa njia hii ilijulikana kwamba Kanjera Kusini, kwenye rasi ya Homa, palikuwa mbuga ya nyasi yapata miaka milioni mbili iliyopita, watengenezaji wa zana za mawe walipokuwa wakiishi pale.

Rusinga inatuambia nini?

Inasimulia mara mbili. Tabaka za zamani, za miaka milioni 18 hivi, zina visiki vya miti vikiwa na mizizi yake, karibu karibu, pamoja na matunda, mbegu na hata wadudu waliohifadhiwa na majivu ya volkano ya Kisingiri. Ulikuwa msitu uliofunga juu. Mwaka wa 1948 Mary Leakey alipata kisiwani humo fuvu maarufu la nyani mkubwa wa kale.

Tabaka za juu, za kati ya miaka 100,000 na 33,000 iliyopita, zina pundamilia wa Grevy na choroa, wanyama ambao leo ungewatafuta Samburu. Makundi ya wanyama wa nyika kame hayaishi kwenye kisiwa kidogo. Ziwa lilikuwa limeshuka, Rusinga ilikuwa kilima tu kwenye mbuga.

Ule unga mweupe wa Kariandusi ni chokaa?

Siyo. Ni diatomaiti, magamba ya diatomu yaliyorundikana chini ya ziwa safi yapata miaka milioni moja iliyopita. Jaribu siki: chokaa hutoa povu, diatomaiti haitoi. Tena ni nyepesi ajabu na hunyonya maji papo hapo. Usivute vumbi lake. Silika ni mbaya kwa mapafu.

Siki hiyo hiyo hufaa kwingine. Vijiwe vyeupe vya chokaa ndani ya udongo wa kale humaanisha mvua haikutosha kuosha chokaa hadi chini, yaani msimu mrefu wa ukavu.

Miaka elfu moja iliyopita hali ilikuwaje?

Tope la Crescent Island lililochapishwa mwaka wa 2000 linasema: takriban 1000 hadi 1270 palikuwa pakavu kuliko leo. Kisha kukawa na unyevu hadi 1850 hivi, ila kwa vipindi vitatu vya ukame: 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840. Ukame wa miongo kadhaa kwa hiyo si mgeni hapa, na hakuna gari hata moja lililokuwapo. Anayepanga mabwawa au bima ya mifugo kwa kutazama takwimu za karne ya 20 pekee anapanga kwa kipande cha bahati nzuri.

Sasa kama tabianchi ilibadilika yenyewe mara zote hizo, kwa nini binadamu alaumiwe leo?

Kwa sababu ya mwendo na alama. Barafu ya Antaktika ina mapovu ya hewa ya miaka 800,000, na katika muda huo wote hewa ukaa ilicheza kati ya sehemu 180 na 300 kwa milioni. Kutoka katika enzi ya barafu iliyopita ilipanda sehemu 80 hivi kwa takriban miaka 7,000, yaani moja kwa karne. Mwaka wa 1958 ilikuwa 315. Leo imepita 420. Inapanda zaidi ya mbili kila mwaka.

Alama nazo zinasema hivyo hivyo. Kaboni inayoongezeka hewani ina kaboni-13 kidogo, kama ya mimea ya kale, na haina mnururisho, kama kitu kilichozikwa mamilioni ya miaka. Oksijeni inapungua kwa kiasi kinacholingana na kuchoma. Jua lingekuwa chanzo, stratosfia nayo ingepata joto. Badala yake imepoa. Mizunguko ya dunia haiwezi kuwa chanzo, kwani kwa milenia kadhaa imekuwa ikisukuma taratibu kuelekea baridi. Kufikia 2011–2020 dunia ilikuwa imepata joto la nyuzi 1.1 juu ya ile ya 1850–1900.

Hoja ya «ilibadilika zamani» kwa kweli hugeuka dhidi ya anayeitoa. Kama barafu ya Atlantiki iliweza kukausha Nam Lolwe, na mabadiliko madogo ya mwanga kuzamisha Nakuru, basi mfumo huu ni mwepesi kusukumwa.

Maziwa yanayofurika tangu 2010 hivi ni ya asili au siyo?

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi husema ardhi imepasuka chini na kusukuma maji juu. Lakini Naivasha, Nakuru, Bogoria, Baringo na Turkana yalipanda katika miaka inayokaribiana, na Ziwa Victoria, ambalo haliko sakafuni mwa ufa wetu, mwaka wa 2020 lilifikia kiwango cha rekodi ya 1964. Kitu kinachoyagusa yote kwa pamoja ni mvua. Ufa unaposogea huathiri bonde moja, si yote.

Mvua hizo zina mkono wa asili: joto la Bahari ya Hindi upande wetu likizidi la upande wa Indonesia, mvua za vuli huwa kubwa, kama 1961, 1997 na 2019. Bahari yenyewe inazidi kupata joto kwa sababu za kibinadamu. Juu ya hayo, kufyekwa kwa misitu ya Mau kumeongeza maji yanayotiririka haraka na tope linaloinua sakafu ya ziwa. Kutenga asilimia ya kila kimoja kwa ziwa moja kunahitaji vipimo vya mito vya miongo kadhaa, na vituo vingi vya kupimia vina mapengo.

Nikikuta kisukuku au zana ya jiwe shambani nifanye nini?

Usichimbe, usiioshe, usiichukue. Kisukuku bila tabaka lake hakina umri tena. Weka kalamu au sarafu kando yake, piga picha mbili: moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha kilima au mti wa kutambulisha. Andika mahali kwa GPS ya simu, na ueleze rangi ya udongo uliokitoa. Kisha toa taarifa kwa Makavazi ya Kisumu, au yale ya Kilima cha Hyrax ukiwa Nakuru. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakataza kuchimba au kusafirisha vitu hivi bila kibali, hata vikiwa katika ardhi yako. Mvua ikikaribia na kitu kikawa kwenye ukingo wa korongo, piga simu siku hiyo hiyo badala ya kukitoa mwenyewe.